Lile Goli Liliingia

Jumapili, 4 Oktoba 1953

Mke wangu Mwanakheri kaniambia leo asubuhi, "Baba Hemedi, masikio yangu yamechoka. Si umejifunza kuandika? Yaandike huko, karatasi haina masikio." Basi naandika. Darasa la watu wazima nimelianza baada ya masika, na mwalimu mwenyewe kasema hajaona mzee mwenye kichwa kama changu. Wenzangu bado wanahangaika na ba be bi. Kalamu inaniteleza vidoleni, lakini vidole hivi havijawahi kushindwa na kitu.

Mimi ni Mwinyimadi bin Kibwana wa Kisarawe, mtaa wa juu nyuma ya boma. Zamani ukitaja Radi, kuanzia hapa mpaka Soga kila mtu alijua ni nani. Nilicheza mpira, wingi ya kulia. Pekupeku. Miiba ilikuwa ikiniona inalala.

Sasa sikia ya leo. Jumbe Mbaraka kaja na fimbo yake, kasimama katikati ya uwanja wetu, anapima kwa hatua. Nikamfuata.

"Mzee Mwinyimadi, vuli ikishika tu hapa napanda mikorosho. Bwana Shamba ameshaleta mbegu."

"Hapa ni uwanja wa mpira, Jumbe."

"Nani anacheza?"

"Mimi."

"Lini?"

 Huyu wakati mimi nacheza alikuwa anatambaa na kamasi.

Akasema, "Vijana wote wanacheza kule bomani siku hizi. Uwanja usio na mechi ni pori, na pori hulimwa. Nileteeni mechi ya maana hapa kabla mvua haijashika, nitauacha. La, nisilaumiwe."

Mechi ya maana! Kana kwamba mechi ni kuku, unamkimbiza ukamkamata.

Jumatatu, 5 Oktoba

Jua kali. Hakuna wingu. Vizuri. Na liendelee hivyohivyo.

Ijumaa, 9 Oktoba

Nimetoka msikitini nimepita uwanjani. Majani yamefika magotini. Mbuzi wa Jumbe watatu wanakula pale pale nilipokuwa nikimpiga chenga beki mpaka anakaa chini na kujiuliza kwao ni wapi.

Watoto wa leo hawaujui mtaa huu. Nyumba zilikuwa zimeuzunguka uwanja kama watu wanaoota moto. Asubuhi wanawake walianika makopa ya mihogo uwanja mzima, mweupe kama umevaa kanzu. Ikifika alasiri lazima yawe yameanuliwa, maana sisi tunaingia. Ambaye hajaanua, makopa yake tunayakanyaga, na jioni tunatukanwa sisi, na mama zetu, na aliyeleta mpira Tanganyika.

Bi Tatu ndiye alikuwa balaa. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya goli la kusini. Mpira ukiangukia uani kwake anaukalia. Kweli, anaukalia kama kigoda, anaendelea kusuka ukili wake. "Nipasulieni kuni kwanza." Mechi nzima inasimama, refa mwenyewe anashika shoka. Siku moja kaukalia mpaka ukatoa upepo, na yeye hana habari.

Bi Tatu amekufa, nyumba imeanguka, pamebaki mti wa mbono na mjusi. Wengine wamehamia Dar es Salaam wakaoze Kariakoo. Haya, na uwanja nao ulimwe, tubaki na nini? Mbuzi?

Jumanne, 13 Oktoba

Kaja Maneno, nahodha wa vijana. Anavaa viatu vya kuchezea vyenye misumari chini, mtu mzima anaogopa udongo. Lakini ana adabu, hilo siwezi kumnyima.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja kutafuta mawaidha ya mchezo?"

"La, babu. Nimepata mechi. Soga wako tayari."

Moyo wangu uliruka. Kisha akaniambia mengine, ukashuka.

Kati yetu na Soga iko kanuni tuliyoiweka sisi wenyewe wazee: aliyefungwa ndiye anayefuata. Ukifungwa leo, mechi ijayo unakwenda kwa aliyekufunga. Mwaka 1928 tulicheza nao hapa, mimi nikafunga goli, wao wakasema si goli. Sisi tukawangoja waje, maana wamefungwa. Wao wakakataa, hawajafungwa. Miaka ishirini na tano imepita hakuna aliyemfuata mwenzake.

"Nahodha wao ni Salumu, mtoto wa mzee Saburi," akasema Maneno. "Na Saburi si ndiye aliyekuwa golini? Basi Salumu kasema hivi: baba yangu akisema kwa kauli yake kwamba mpira uliingia, tunapanda mlima tunakuja kwenu. Akisema haukuingia, nyinyi mshuke Soga. Neno lake tumelikubali wote."

"Saburi!" nikasema. "Yule hawezi kukubali hata kwamba jua linachwa."

"Babu, si mtani wako? Nenda kaseme naye. Tukicheza Soga, huu uwanja umekwenda."

Kama vile mimi sijui.

Jumatano, 14 Oktoba

Mwanakheri anasema nimezungumza usingizini, nimesema "uliingia." Nimemwambia hata usingizini nasema kweli.

Jumanne, 20 Oktoba

Naandika lile goli lilivyokuwa, nimalize ubishi.

Milingoti ilikuwa mianzi, juu kamba ya makumbi ya nazi. Nyavu hatuna. Mistari tulimwaga majivu. Refa alikuwa karani wa stesheni, wa Soga, tulimkubali kwa sababu ndiye mwenye filimbi. Wingu lilikuwa limekaa juu ya Pugu, jeusi, linatusikiliza.

Hakuna aliyefunga mpaka mwisho kabisa. Nikapewa gozi pembeni. Nikamwacha wa kwanza, nikamwacha wa pili, wa tatu akaniacha mwenyewe, kaona aibu. Nikapiga. Ile haikuwa shuti, ilikuwa hukumu. Saburi kaudaka kifuani, lakini nguvu ya mpira ikamsukuma nyuma, kaanguka nao. Kaanguka wapi? NDANI. Mgongo wake ulikuwa na majivu, na majivu yalikuwa ya mstari, na yeye alikuwa ameshaupita mstari. Nani asiyeelewa hapo?

Tukamtazama refa. Refa alikuwa amewapa mgongo, anafuta miwani. Akageuka, kabla hajasema neno mvua ikashuka. Si mvua, ni bahari. Majivu yakaenda na maji. Saburi akasimama amekumbatia gozi kama mtoto mchanga, anapiga kelele, "Haukuingia! Haukuingia!" na mimi napiga kelele yangu. Refa kakimbilia barazani kwa Bi Tatu, na huko akapewa shoka.

Ndivyo ilivyokuwa. Anayebisha aje.

Jumapili, 25 Oktoba

Nimekwenda Soga. Nimeshuka Pugu kwa miguu, nimepanda gari la moshi, magoti yote mawili yananilaumu.

Saburi ni Mnyamwezi, kaja na kazi ya reli akawa nyapara wa genge, akaoa hapa, akazeekea Soga. Mimi Mzaramo. Watani. Hakuna tusi ambalo hatujapeana.

"Hodi humu!"

Sauti ikatoka ndani, ndogo. "Nani huyo ananukia mihogo?"

"Mpagazi wee, mbona bado hujafa?"

"Nakungoja utangulie ukanitandikie jamvi."

Nikaingia nikicheka, cheko likakatika. Amekwisha. Tumbo limejaa, mikono imekuwa vijiti, na yule alikuwa anabeba taruma la chuma la kulazia reli peke yake. Mkewe Mwanamkuu kaleta uji, kaninong'oneza, "Shemeji, usimchokoze sana." Kwani mimi mchokozi?

Nimekaa. Tumeulizana habari. Nikamweleza: Jumbe, mikorosho, vijana, kauli yake. Nikamwambia, "Saburi, neno moja tu. Uwanja unakwenda."

Kafumba macho kama mtu anayeutazama.

"Uwanja ule ulikuwa mzuri," akasema.

"Ehe."

"Ule upande wa goli la kusini udongo wake laini. Ukianguka huumii."

"Ehe, sasa sema."

"Haukuingia."

Nikasimama. "Saburi, mgongo wako ulikuwa na majivu!"

"Nilijifuta jasho kwa majivu."

"Kwa mgongo?"

"Wazaramo mnajua nini? Mna mgongo nyinyi?" Kacheka mpaka kikohozi kikamshika, Mwanamkuu akaja kumwinua. Alipopata pumzi akasema taratibu, bila mzaha, "Mwinyimadi, nikisema uliingia, miaka yote hii nimesimama golini bure. Tafuta njia nyingine."

Njia nyingine ipi? Njia ni moja. Nimekasirika nimeondoka uji haujaisha. Mtu anakufa na bado kichwa kama reli!

Jumatatu, 26 Oktoba

Magoti.

Jumatatu, 2 Novemba

Wingu la kwanza upande wa Pugu. Nimelitazama mpaka limeondoka. Jumbe naye kalitazama, yeye anatabasamu. Vibarua wake wameanza kufyeka majani uwanjani. Nimewaambia walau sasa uwanja umekuwa msafi, unachezeka. Wamecheka. Sikusema mzaha.

Alhamisi, 5 Novemba

Gadi wa gari la moshi kanipitishia salamu kutoka Soga. Saburi kasema: "Mwambie yule mla mihogo nimefikiri sana, usiku na mchana, nimezungusha kichwani toka mwanzo mpaka mwisho." Hapo gadi akageuka kutazama mabehewa yake, nikamwambia sema basi! "Kasema: haukuingia."

Nimerudisha salamu ambazo siwezi kuziandika, na juu yake nimempa gadi mihogo miwili ya kuchoma ampelekee. Ampe au asimpe.

Jumapili, 8 Novemba

Manyunyu. Hayakufika hata kwenye mizizi. Jumbe kasema hii bado, anangoja ishike. Maneno kaja kuuliza kama kuna neno kutoka Soga. Nimemwambia lipo, lakini halifai.

Jumamosi, 14 Novemba

Saburi amekufa jana baada ya swala ya Ijumaa. Habari imekuja asubuhi.

Mjinga yule. Amekwenda zake bila kusema.

Nakwenda Soga na Maneno na vijana wawili. Mwanakheri kanifungia kanzu safi. Nimemwambia sina haja ya kanzu, kanifungia tu.

Jumatano, 18 Novemba

Nimerudi. Kalamu imekaa siku zote hizi, naona hata herufi zimenisahau. Lakini hili lazima liandikwe, maana huku limeshaanza kusemwa kombo.

Tumemzika Jumamosi. Mimi mtani nilifanya yangu. Nimekaa mbele ya jeneza nikakataa lisitoke mpaka wanilipe ule uji niliouacha. Nikalalamika maiti ni mzito, Wanyamwezi hata wakifa wamebeba mizigo. Watu wakacheka, wakalia, wakacheka. Ndivyo inavyotakiwa. Kilio kikavu bila mtani kinaua watu.

Siku ya kuanua matanga, Jumatatu, iko kazi nyingine ya mtani, nayo ndiyo kubwa: kumuiga marehemu. Unavaa nguo zake, unatembea kama yeye, unasema kama yeye, waliofiwa wamwone mara moja ya mwisho. Sheikh wao kanung'unika, kasema mambo haya siyo, kisha kahamisha jamvi lake akae mahali anapoona vizuri.

Mwanamkuu kanitolea koti la kaki la reli na kofia. Koti kubwa, linanuka tumbaku na oili. Nikaingia chumbani kwake nikavaa, nikatoka.

Mimi si mtu wa kujisifu, lakini Soga hawajaona. Saburi alikuwa akitembea mikono nyuma, kichwa chini, maana miaka yake yote alikuwa anakagua reli. Na alikuwa na nyundo ndogo, anagonga chuma asikilize kama kimelegea. Hata nyumbani alikuwa anagonga, meza, sufuria, kila kitu. Basi nikachukua mchi. Nikapita nagonga magoti ya watu waliokaa. Ngo. "Huyu mzima." Ngo. "Huyu amelegea, abadilishwe." Nikafika kwa Sheikh, ngo, nikasikiliza, nikatikisa kichwa, "Huyu wa wakati wa Mdachi, mwacheni hivyohivyo."

Watu walilala chini. Mwanamkuu kashika ukingo wa mlango, machozi yanamtoka, anacheka, anasema, "Ndiye! Jamani ndiye!" Nikamwendea, nikagonga kizingiti, nikasema kwa sauti ya mumewe, "Mama Salumu, uji una chumvi haba." Akasema, "Abee, bwana," kisha akajifunika uso kwa kanga.

Hapo ndipo Maneno akasimama. Kijana mwerevu kupita kiasi. Kaona nafasi. Salumu yuko, vijana wote wa Soga wako, wazee wako.

"Babu Saburi," akaita, "shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Kabla hujaenda zako tuambie mbele ya watu. Lile goli la Radi. Liliingia au halikuingia?"

 Kuku wanasikika wakiparura. Salumu kaacha kucheka, ananitazama usoni. Maneno naye ananitazama, anapepesa jicho moja, yaani babu, sema, jambo limekwisha.

Na mimi nilikuwa nalo. Liliingia. Lilikuwa mdomoni, limekaa hapo miaka yote, tayari, nilikuwa nalitema tu. Uwanja umepona, Jumbe kanyamaza, Radi ni Radi.

Lakini mikono yangu ilikuwa nyuma. Kichwa kimeinama. Na Mwanamkuu kafunua kanga anasikiliza, uso wake kama mtu anayengoja mlangoni. Ningesema liliingia, pale pale Saburi angetoka kwenye lile koti, angebaki mzee mmoja wa Kisarawe amevaa nguo za watu. Kila mmoja angejua. Mimi sijawahi kufanya kazi mbovu mbele ya watu.

Nikapiga mchi chini.

"Halikuingia!" nikasema. Na Saburi hakuwa mtu wa kuishia hapo, akaendelea, nilimsikia akiendelea: "Halikuingia hata kidogo, na yule mla mihogo anajua!"

Wee! Kelele iliyotoka hapo. Vigelegele, watu wanarusha kofia. Mwanamkuu kanishika mikono yote miwili.

Salumu akasimama akanyoosha mkono. "Mmesikia wote. Ni kauli ya baba. Kisarawe watashuka."

Nikavua koti. Nikasema, "Ngojeni, sasa nasema mimi Mwinyimadi: liliingia." Nani ananisikiliza? Mzee mmoja kanipiga bega, "Umeshakiri, ndugu yangu, moyo umepumua." Nimekiri nini? Nilikuwa Saburi! Mtu akicheza simba utamwambia amekula ng'ombe?

Garini Maneno alikaa behewa jingine mpaka Pugu. Tulipoanza kupanda mlima akasema, "Babu, neno moja tu lilitakiwa."

"Na wewe ulimwuliza nani?" nikamwambia.

"Nilikuuliza wewe, babu."

"Ulimwita Saburi, ukamwamkia Saburi. Saburi amekujibu."

Akatangulia mbele na viatu vyake vya misumari.

Alhamisi, 19 Novemba

Leo Maulidi, na hata pale barazani watu wanaulizana kwa kunong'ona, "Mzee kakiri kweli?" Nimewaeleza watu saba mmoja mmoja. Wanasema "ndiyo mzee, ndiyo mzee," wanageuka wanacheka.

Mwanakheri kasikiliza yote toka mwanzo, kacheka mpaka akakaa chini mlangoni. Kisha kasema, "Baba Hemedi, umemuiga vizuri mno, hilo ndilo kosa lako."

Mke wangu huyu mara mojamoja ana akili.

Jumanne, 24 Novemba

Mvua usiku kucha. Imeshika.

Jumapili, 29 Novemba

Mechi watacheza Soga mwezi ujao. Maneno kaja kunialika niende nao. Nimemwambia nitafikiri. Nitakwenda, lakini hana haja ya kujua leo.

Na huku Jumbe anapanda. Vibarua wamevuta kamba uwanja mzima, mashimo yamepangwa kama watu wanaoswali. Nilikaa barazani nikasema sitazami. Nikatazama. Nikaona mmoja anachimba karibu na goli la kusini, nikachukua jembe langu nikaenda, manyunyu yananipiga.

Mahali penyewe napajua hata mkinifunga macho. Unasimama usawa wa pembe ya msikiti, unatazama kichuguu, hapo ndipo mstari ulipokuwa. Nikaupita mstari. Hatua moja ya mtu mzima. Hapo ndipo mgongo wa Saburi ulipotua na gozi kifuani. Udongo wa hapo kweli laini, hilo alisema kweli. Nikachimba shimo, nikachukua korosho moja katika ndoo yao, nikaiweka, nikafukia, nikaikanyaga kwa mguu wa kulia.

Jumbe kaja mbio na mwavuli. "Mzee! Huo uko nje ya kamba!"

"Uko ndani ya goli," nikamwambia.

"Goli gani? Ng'oa, unaniharibia shamba."

"Ng'oa wewe."

Kanitazama, kalitazama jembe, kaitazama mvua. Akasema wazee wa mtaa huu mna matatizo, akaenda zake.

Utaota. Utakuwa mti mnene, watu watapumzika chini yake, watauliza mbona huu mmoja umekaa kombo peke yake. Wataambiwa hapo ndipo mpira wa Radi ulipofika.

Sasa Saburi aje aung'oe.